Mashua Mbili Kwenye Fungu Moja: Historia ya Kuzipima Tiba za Maneno

Tiba ya mazungumzo ni matibabu yanayotolewa kwa maneno, kwa kusikilizana na kwa mazoezi ya kila siku, pasipo kidonge wala sindano. Hutumiwa kwa wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kazi, na kwa wenye wahaka, yaani hofu inayomshika mtu hata pale ambapo hakuna cha kuogopa. Kuipima tiba ya namna hii ni kutafuta jibu la swali moja: aliyepona amepona kwa sababu ya tiba, au angepona hata bila hiyo?

Katika kisiwa cha Funzi, kusini mwa Msambweni katika kaunti ya Kwale, ugumu wa swali hilo unaeleweka upesi. Mashua iliyokwama kwenye fungu maji yakiwa yamekupwa itaelea maji yakijaa. Walioisukuma wataamini kwamba wao ndio walioikwamua, ilhali maji yangejaa vilevile. Ili kujua kama kusukuma kumesaidia, inahitajika mashua ya pili, yenye uzito kama wa ile ya kwanza, iliyokwama kwenye fungu lilelile na isiyosukumwa na mtu. Ya kwanza ikielea mapema kuliko ya pili, msukumo umefanya kazi.

Huzuni nayo ina maji yake. Wakati wa kusi bahari huchafuka, vyombo vidogo hukaa pwani, kipato hupungua na deni la dukani hurefuka. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia na samaki hupatikana. Mtu aliyehojiwa katikati ya kusi, kisha akahojiwa tena kaskazi ikiwa imekolea, anaweza kuonekana amepata nafuu kubwa bila kuguswa na mganga, daktari wala mnasihi. Anayepima tiba bila kundi la kulinganisha atauhesabu upepo kuwa dawa.

Watu wa pwani ya kusini walikuwa wakiitibu huzuni na hofu muda mrefu kabla hospitali hazijafika. Kulikuwa na kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Kulikuwa na hirizi, dua, mafusho ya ubani na udi, na ngoma za kupunga pepo, ambapo mgonjwa alizungukwa na jamaa na majirani huku pepo akiulizwa jina lake na anachokitaka. Mwaka 1975 mtafiti Roger Gomm alichapisha katika jarida la Man makala kuhusu pepo wa wanawake wa Kidigo. Hoja yake ilikuwa kwamba pepo alimpa mwanamke asiye na nguvu nyumbani njia ya kudai kwa mumewe yale asiyoweza kuyadai kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka 1987 Linda Giles, aliyetafiti vilinge vya pepo katika pwani ya Waswahili, alipinga wazo kwamba mambo hayo ni ya watu waliosukumwa pembezoni tu. Aliyaona kuwa sehemu hai ya utamaduni wenyewe.

Watafiti hao walitaka kuelewa. Kupima halikuwa kusudi lao, na kazi zao haziwezi kutumiwa kusema kwamba ngoma huponya au haziponyi. Hata hivyo maelezo yao yana mambo ambayo wapimaji wa miaka ya baadaye waliyakuta tena kwa njia nyingine. Shida hupewa jina, mgonjwa haachwi peke yake, na familia hulazimika kukaa chini na kusikiliza.

Serikali ya kikoloni iliitazama akili ya Mwafrika kupitia lango la Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwazuilia wagonjwa wa akili. Kuanzia mwaka 1938 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari aliyeipokea kazi hiyo bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Aliufananisha hata utendaji wa ubongo wao na wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Kosa lake la hesabu liko wazi. Waliofika Mathari waliletwa na polisi, na machifu, au na jamaa waliochoshwa na vurugu za mgonjwa. Mwenye sonona hana vurugu. Huamka kwa shida, huacha kuzungumza, hupika pasipo moyo, kisha hurudi kulala. Mwanamke wa Funzi aliyeshinda ndani uso ukielekea ukutani hakumpa mtu yeyote sababu ya kumpandisha mashuani na kumsafirisha hadi Nairobi. Carothers aliwahesabu waliopita langoni akadhani amehesabu bara zima. Dai hilo lilikuwa na madhara ya kweli, kwani ugonjwa unaosemekana haupo hautafutiwi tiba, na tiba isiyotafutwa haipimwi.

Dai hilo lilianza kubomoka pale watafiti walipotoka hospitalini wakaenda kwa watu. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya mahojiano katika vijiji viwili vya Uganda, ambako sonona ilionekana kwa wingi kuliko ilivyokutwa kwa wanawake wa London waliohojiwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka huohuo David Ndetei na J. Muhangi walionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano waliofika kwenye kliniki ya kawaida mashambani Kenya alikuwa na maradhi ya akili. Wagonjwa hao walikuja wakilalamikia kichwa, kifua, tumbo na mwili kuchoka. Hakuna aliyewauliza habari za moyo.

Ulaya na Marekani nazo zilikuwa katika ubishi wao. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyekuwa London, aliandika kwamba kiasi cha thuluthi mbili ya wenye matatizo ya aina hii hupata nafuu ndani ya miaka miwili hivi, wawe wametibiwa kwa mazungumzo au la. Takwimu zake zilikuwa dhaifu, na wengi walimshambulia. Swali lake lakini halikuondoka. Aliuliza habari za maji kujaa, na waliokuwa wakijivunia wagonjwa waliopona hawakuwa na mashua ya pili ya kumwonyesha.

Jibu la namna ya kuipata mashua hiyo lilitoka kwenye kifua kikuu. Mwaka 1948 Uingereza ilitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya streptomaisini ambamo wagonjwa waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa pamoja na kupumzishwa kitandani, wengine wakapumzishwa tu. Kura ndiyo kiini cha mambo. Daktari akiachiwa achague atampa dawa mgonjwa anayemwonea huruma au yule anayemtarajia apone, na hapo hesabu huharibika kabla haijaanza. Afrika Mashariki iliijua njia hiyo mapema. Kuanzia miaka ya 1950 Kenya, Uganda na Tanganyika zilishiriki majaribio makubwa ya dawa za kifua kikuu, na hivyo kugawa wagonjwa kwa kura halikuwa jambo geni hapa wakati wapimaji wa tiba za maneno walipowasili miongo mitano baadaye.

Dawa hupimwa kwa urahisi zaidi. Kidonge ni kilekile Mombasa na Manchester, na mgonjwa anaweza kupewa kidonge bandia asijue. Mazungumzo hayafichiki, na kila mzungumzaji ana kinywa chake. Ili yaweze kupimwa yalihitaji kwanza kuandikwa hatua kwa hatua, ili kinachofanywa na mtu mmoja kiweze kurudiwa na mwingine. Aaron Beck wa Philadelphia alitoa hojaji yake ya kupima uzito wa sonona mwaka 1961. Kisha akajenga tiba inayomfundisha mgonjwa kuyakamata mawazo yanayomwangusha na kuyahoji, na mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 41 ambamo tiba hiyo ilishindanishwa na dawa ya imipramini na ikafanya vizuri. Gerald Klerman na Myrna Weissman walitengeneza tiba nyingine, iliyoegemea mahusiano ya mtu na watu wake: misiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Mwongozo wake ulichapishwa mwaka 1984. Kwa kuwa mtu hawezi kufichwa kwamba amezungumzishwa, wapimaji walilinda upande wa pili, yaani anayemhoji mgonjwa baada ya tiba asijue mgonjwa huyo alikuwa kundi gani.

Tiba ya Klerman na Weissman ndiyo iliyokuja Afrika Mashariki kwa jaribio lililobadilisha fikra za wengi. Mahali palikuwa wilaya za Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda. Rakai ndiko kuliko Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini humo waligunduliwa mwaka 1982. Miaka ishirini baadaye hapakuwa na nyumba isiyojua kaburi. Shirika la World Vision, lililokuwa likifanya kazi huko, liliona kwamba watu wengi walikuwa wamekata tamaa kiasi cha kutoshiriki hata miradi iliyokusudiwa kuwasaidia.

Paul Bolton na wenzake hawakuanza na hojaji ya Marekani. Walianza kwa kuwauliza wanakijiji ni shida gani zimeletwa na UKIMWI, na watu walitaja hali mbili kwa majina ya Kiganda. Moja ni yo'kwekyawa, mtu kujichukia. Nyingine ni okwekubazida, mtu kujihurumia. Walipoeleza dalili zake, nyingi zililingana na zile ambazo vitabu vya tiba huziita sonona, ingawa watu walitaja pia mengine ambayo vitabu hivyo havina. Baadaye wanakijiji waliombwa kuwataja wenzao waliokuwa na hali hizo, na hojaji ikajaribiwa kwa watu hao kuona kama inawatambua. Kipimo cha pili kilihusu kazi, na orodha yake ilitoka kwa wenyeji, kwa kuulizwa ni mambo gani mwanamume au mwanamke wa huko hulazimika kuyafanya ili aitunze nafsi yake, familia na jamii.

Hatua hiyo ndiyo muhimu kupita zote, na mara nyingi hupitwa haraka na wanaosimulia kisa hiki. Takwimu zilizofuata zina uzito kwa sababu kilichopimwa kilikuwa kitu ambacho wenyeji walikwisha kukipa jina.

Vijiji 30 viliingia kwenye jaribio, 15 vya wanaume na 15 vya wanawake, maana ilionekana kwamba wanaume na wanawake wasingefunguka wakichanganywa. Kura ilipigwa kwa vijiji vizima, si kwa mtu mmoja mmoja. Mtu akipewa tiba na jirani yake akanyimwa, maneno yatavuka ua jioni ileile. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji wa jinsia moja na wanakikundi, wasio madaktari wala wanasaikolojia, waliofundishwa kwa wiki mbili. Vikundi vilikutana kwa wiki 16, dakika 90 kila wiki, kati ya Februari na Juni 2002.

Mwongozo wenyewe ulibidi upinde. Kipengele cha upweke kiliondolewa, yakabaki misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Huko New York mfiwa huhimizwa kuyasema hata mabaya ya marehemu. Masaka hilo ni mwiko, kama lilivyo pwani, na swali likageuzwa ili mtu aweze kuyagusa yaliyomuumiza bila kumvunjia heshima aliyekufa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu wa vijiji vya tiba walikuwa na vigezo vya sonona kuu, na katika vijiji vya kulinganisha asilimia 94. Baada ya tiba, katika vijiji vya tiba waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5. Katika vile vingine walikuwa asilimia 54.7. Hesabu ya vijiji vya kulinganisha inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko ile ya kwanza. Watu wake hawakupewa tiba hiyo, na bado karibu wanne kati ya kumi walitoka kwenye kundi la wenye sonona. Hayo ndiyo maji kujaa. Bila vijiji hivyo, nafuu yote ya vijiji vya tiba ingehesabiwa kuwa kazi ya vikundi. Kwa kuwa vilikuwepo, ilijulikana ni kiasi gani kililetwa na wakati na kiasi gani kililetwa na mazungumzo, na sehemu ya mazungumzo ilibaki kubwa mno. Miezi sita baadaye watafiti walirudi wakakuta asilimia 11.7 dhidi ya 54.9. Baadhi ya vikundi viliendelea kukutana vyenyewe, bila kiongozi kutumwa na mtu.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Mwaka 2007 tiba hiyohiyo iliripotiwa kutoka kambi mbili za wakimbizi wa ndani kaskazini mwa Uganda, kwa vijana 314 wa Kiacholi. Wasichana walipata nafuu ya sonona iliyoonekana wazi. Nafuu ya wavulana haikutosha kuhesabika, na wahaka haukupungua kwa yeyote. Wengine katika jaribio hilo walipewa michezo ya ubunifu, nayo haikusaidia sonona. Mashariki ya Kongo, katika vijiji 15 vya Kivu, wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2013. Wasaidizi wenye elimu ya sekondari waliongoza tiba ya vikundi ya kuchambua mawazo, na kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, mazoezi yaliyokuwa ya kuandikwa yaligeuzwa kuwa ya kukariri. Miezi sita baada ya tiba asilimia 9 ya waliopata tiba hiyo walikuwa bado na dalili za sonona au wahaka, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata usaidizi wa mtu mmoja mmoja. Kaskazini mwa Uganda tena, Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere aliongoza jaribio katika vituo vya afya 30 kwa watu 1,140 wanaoishi na VVU na sonona. Mwaka 2020 liliripoti kwamba baada ya miezi sita chini ya asilimia moja ya waliokuwa kwenye vikundi vya tiba ndio waliobaki na sonona kuu, wakati katika vituo vilivyotoa elimu ya VVU peke yake walikuwa asilimia 28.

Zimbabwe nayo inatajwa mara nyingi, na kwa haki. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, Harare, akiwafundisha bibi wa mtaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Huko ugonjwa huitwa kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Mtu wa pwani aliyezoea kusema fulani anawaza sana hahitaji kutafsiriwa neno hilo.

Kenya ilipata majaribio yake makubwa katika muongo uliofuata. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandaa tiba fupi ya vikao vitano, inayofundisha kupumua polepole, kukabili tatizo moja baada ya jingine, kuanza tena shughuli zilizoachwa na kutafuta watu wa kumshika mtu mkono. Ilijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa afya ya jamii. Kundi la kulinganisha lilipelekwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. Miezi mitatu baada ya tiba waliopata vikao vitano walikuwa na unafuu zaidi. Matokeo hayo ya mwaka 2017 yalileta matumaini makubwa, maana tiba yenye vikao vitano tu, inayotolewa na mtu wa mtaani, ni kitu ambacho serikali ya kaunti inaweza kukilipia.

Kisha likaja jaribio la Nakuru. Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walishirikisha watu 5,756 wa mashambani. Baadhi walipewa tiba hiyohiyo ya vikao vitano, wengine walipewa fedha taslimu zenye thamani ya dola 1,076 kwa uwezo wa kununua, wengine walipewa vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Mwaka mmoja baadaye waliopewa fedha walikuwa na mali zaidi, walitumia zaidi na walikuwa na moyo mwepesi zaidi. Tiba ya mazungumzo haikuacha alama yoyote iliyopimika, hata kwa wale walioanza wakiwa na hali mbaya ya akili. Waliopata vyote viwili walifanana na waliopata fedha tu.

Ripoti hiyo ya mwaka 2020 haifurahishi kwa anayezipenda tiba za maneno, na ndiyo maana inapaswa kusomwa mara mbili. Yapo ya kuitofautisha na ile ya Nairobi. Wanawake wa Nairobi walichujwa kwanza ili waingie wenye dhiki tu, na walipimwa baada ya miezi mitatu. Nakuru walihusishwa watu wa kila hali na walipimwa baada ya mwaka. Tofauti hizo hazitoshi kuyafuta matokeo. Zinachoonyesha ni kwamba jibu la jaribio moja ni jibu la watu wale, kwa muda ule, kwa kipimo kile. Zinaonyesha pia kwamba huzuni nyingine ina mzizi kwenye sufuria tupu, na mnasihi hawezi kuijaza kwa maneno.

Majaribio ya watoto na vijana yalileta somo linalofanana na hilo. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki jaribio la tiba ya vikundi kwa walioumizwa na msiba. Baada ya mwaka mmoja tofauti na waliopata huduma za kawaida ilikuwa bado ipo Kenya, lakini Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamefikia mahali pamoja. Katika shule nne za sekondari za Nairobi na Kiambu, mpango wa Shamiri ulioasisiwa na Mkenya Tom Osborn ulijaribiwa kwa wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wahaka. Vijana waliomaliza sekondari waliongoza vikao vinne vya kujifunza kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru na kuyataja anayoyathamini. Kundi la kulinganisha nalo lilipewa vikao vinne, vya mbinu za kusoma. Hilo ni pambano gumu zaidi kuliko kulinganisha na watu walioachwa bure, kwa sababu pande zote mbili zilikaa duara, zilisikilizwa na zilipewa saa ya mtu mwingine. Wote walipata nafuu, na wa Shamiri wakapata zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Majaribio haya yote yalifanyika bara. Kwa pwani vifaa vipo. Sylvia Kaaya na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha mwaka 2008 hojaji ya sonona yenye maswali 19 iliyotengenezwa Tanzania. Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamezipima kwa Kiswahili hojaji za PHQ-9 ya sonona na GAD-7 ya wahaka. Kiswahili cha hojaji lakini si lazima kiwe Kiswahili cha nyumbani. Funzi huzungumzwa lahaja ya Chifundi, na hata katika Kiswahili cha kawaida maneno yanagombana. Sonona ni neno la vitabuni zaidi. Mtu wa pwani atasema moyo mzito, roho juu, jakamoyo, kiherehere, kifua kinabana, nawaza sana. Kila moja lina kivuli chake. Mwenye roho juu anangoja jambo baya, na mwenye moyo mzito linaonekana limekwisha kumfika. Anayetaka kupima Funzi angelazimika kufanya kama walivyofanya Masaka, akae barazani na wanaume na uani na wanawake, aulize kwanza, aandike maneno yao, kisha ndipo atunge maswali.

Kura nayo ingekuwa na masharti ya kisiwa. Watu wake ni wachache na wengi ni jamaa, kwa hiyo kukigawa kisiwa mara mbili hakuwezekani. Funzi nzima ingekuwa mashua moja, na mashua nyingine zingekuwa Bodo, Gazi, Wasini, Shimoni, Majoreni au Vanga. Kikao cha kila wiki siku ileile ni desturi ya ofisini. Mvuvi huhesabu kwa bamvua na maji mafu, na kikao kisichoijua hesabu hiyo kitawakosa wanaume nusu ya mwezi. Vipimo vingepaswa kuchukuliwa katika vijiji vyote kwa msimu mmoja, ili kusi na kaskazi viwaguse wote sawasawa.

Watoaji wa tiba wangepatikana. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini, watu wanaoingia majumbani na kujua majina ya watoto. Kigumu zaidi ni siri. Vikundi vya Masaka vilitegemea ahadi kwamba yaliyosemwa hayatoki nje, na katika kisiwa ambako kila mmoja ni shangazi au mjomba wa mwingine, ahadi hiyo ingehitaji muda na watu wanaoaminika kwelikweli.

Swali la tisa la hojaji ya PHQ-9 huuliza kama mtu, katika wiki mbili zilizopita, amewaza kwamba afadhali angekufa, au kujidhuru. Kwa miaka mingi swali hilo Kenya lilikuwa na mtego, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na anayehojiwa alikuwa na sababu ya kunyamaza. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Jaribio lolote linalouliza swali hilo lazima liwe limejiandaa kwa anayejibu ndiyo, awe yuko kundi la tiba au la kulinganisha. Kwa Funzi maana yake ni chombo na nahodha walio tayari usiku, hata maji yakiwa yamekupwa, gari linalongoja Bodo, na mtu wa zamu katika hospitali ya Msambweni anayejua kwamba mgonjwa yuko njiani.